Kujaza risasi nyumbani au kununua za kiwandani: jibu kwa msomaji wa Minnesota

Swali: Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nina green card. Nina bastola ya 9mm na raifo ya .308. Kila mwezi napiga kama risasi 200 za bastola kwenye uwanja wa shabaha. Raifo naitoa msimu wa kulungu ukikaribia tu, labda risasi 60 kwa mwaka mzima. Mwenzangu wa kazini anahama jimbo na anataka kuniuzia mashine yake ya kujazia risasi kwa dola 300, ile ya mkono inayobana ganda moja moja. Bei hiyo ina mizani, daizi (vibanio vya chuma vya kulirudishia ganda umbo lake) za 9mm na za .308, chupa ya baruti iliyobaki nusu, na risasi 300 za 9mm alizojaza mwenyewe. Ananiambia nitaokoa pesa na sitahangaika tena risasi zikiadimika. Mke wangu hataki hata kusikia. Tunakaa kwenye apatimenti na watoto wawili wadogo. Nani yuko sahihi kati yao? Na mjomba wangu kule Laikipia, ambaye raifo yake ina leseni, anauliza kama naweza kumbebea fataki na baruti nikienda Desemba.

Jibu: Mkeo. Huenda yeye anaogopa nyumba kulipuka, na hilo nitalifikia. Mimi naanza na pesa, kwa sababu ndiyo jamaa yako aliyoitanguliza.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyobanwa kwenye kitako cha ganda (wauzaji wa huko huiita praima), baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua na fataki imekufa, lakini ganda limeruka pembeni likiwa zima. Kujaza upya ni kuliokota ganda hilo, kulisafisha, kulirudisha umbo lake, na kulitia vitu vitatu vipya. Unachookoa basi ni bei ya ganda na ujira wa kiwanda. Hivyo vitatu unavinunua, tena kwa bei ya rejareja, wakati kiwanda kinavitengeneza chenyewe au kuvinunua kwa jumla, kwa mamilioni.

Tuweke namba. Bei za Marekani hupanda na kushuka, lakini kwa miaka hii ya karibuni kichwa cha kawaida cha 9mm ni kama senti 10, na fataki senti 7 au 8. Baruti huuzwa kwa ratili, na ratili moja ina grein 7,000. Risasi ya 9mm hula kama grein 5 (nimetaja kwa ajili ya hesabu tu, usiichukue kuwa kipimo cha kujazia), kwa hiyo ratili ya dola 40 itatoa risasi 1,400 hivi, karibu senti 3 kila moja. Ganda umeokota bure. Jumla ni senti 20 au 21. Dukani, 9mm ya mazoezi ukinunua kwa kasha la 1,000 utaipata kwa senti 24 hadi 28. Tuseme unaokoa senti 5 kwa kila risasi. Wewe unapiga 2,400 kwa mwaka, kwa hiyo mwisho wa mwaka umebaki na dola 120 mfukoni.

Sasa weka muda. Kwa mashine ya kubana ganda moja moja, mtu aliyezoea hutoa risasi 50 hadi 100 kwa saa. Anayeanza hafiki hapo. Chukua saa 40 kwa zile 2,400. Umejilipa dola 3 kwa saa. Wakenya wengi wa Minnesota wako kwenye kazi za hospitali na nyumba za wazee, nawe kama uko huko unajua shifti moja ya ziada inaleta nini. Shifti hiyo inakununulia risasi za kiwandani, na Jumamosi zako zilizobaki unazilala.

Na hizo 120 bado hazijagusa gharama za kuanzia. Dola 300 ni mlango tu. Utahitaji mashine ya kusafishia maganda, vernia ya kupimia urefu, kifaa cha kukatia shingo za maganda ya raifo, na kitabu cha vipimo cha karibuni. Ukiagiza fataki au baruti mtandaoni, utalipishwa ada ya vitu vya hatari juu ya usafiri, kwa kawaida dola 20 na kuendelea kwa kila mzigo, ndiyo maana wazoefu huagiza nyingi kwa mkupuo mmoja au hununua dukani kabisa. Ukijumlisha yote, unahitaji miaka minne au mitano ya 9mm kabla ya kuona senti ya kwanza ya faida. Zipo mashine kubwa za mzunguko, za Dillon kwa mfano, zinazotoa mamia kwa saa. Bei yake ni mara kadhaa ya hiyo uliyoambiwa, na simpi mwanafunzi mashine inayofanya mambo manne kwa mvuto mmoja wa mkono kabla hajajifunza kuliona kila jambo likitokea peke yake.

Kuna siri ndogo ambayo wajazaji wenyewe huicheka: karibu hakuna anayeokoa pesa. Gharama ya kila risasi ikishuka, mtu hupiga zaidi, na mwisho wa mwaka ametumia kiasi kilekile au kuzidi. Hilo halina ubaya, ila asikuambie mtu kuwa ni kubana matumizi.

Upande wa .308 hesabu inabadilika. Kichwa kizuri ni kama senti 45, fataki 8, na baruti, kwa sababu ganda la raifo hula zaidi ya grein 40, inafika senti 28 hivi kwa baruti ya dola 45. Ongeza senti 10 za uchakavu wa ganda, umefika senti 91. Risasi nzuri ya kuwindia ya kiwandani ni dola 1.60 hadi zaidi ya dola 2. Hapo unaokoa senti 70 hadi dola nzima kwa kila moja, na mtu anayepiga 600 kwa mwaka kwenye mashindano ya shabaha za mbali amerudisha mtaji wake kabla ya mwaka kwisha. Wewe unapiga 60. Ni dola 50 kwa mwaka, sitini ukibahatika. Na kama nyingi ya hizo 60 ni za kujipima tu na unatumia zile za bei nafuu za senti 80, huokoi kitu.

Kanuni ninayowapa ninaowafundisha ni kwamba kadiri risasi inavyokuwa kubwa, adimu au ya zamani, ndivyo kujaza kunavyolipa. Mwenye .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo bado inatafutwa na wawindaji wa nyati, hulipa dola nne, tano au zaidi kwa mlio mmoja. Huyo asipojaza mwenyewe hatafanya mazoezi kamwe, atakwenda porini na bunduki ambayo bega lake haliijui. Mwenye raifo ya babu yake ambayo risasi zake hazitengenezwi tena hana njia nyingine. Mwenye 9mm anashindana na bidhaa inayotengenezwa kwa wingi kuliko karibu risasi nyingine yoyote ya bastola duniani, na kushindana nayo kwa mkono ni kazi bure.

Nije kwenye hoja ya pili ya jamaa yako, ya kuadimika, kwa sababu ndiyo inayowanasa wengi na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mwaka 2020 na 2021 rafu za risasi zilikuwa tupu Marekani nzima, na 9mm iliyokuwa senti 18 au 20 ikauzwa senti 50 na zaidi. Wengi walikimbilia kujaza wakidhani wamepata mlango wa nyuma. Walichokuta ni kwamba maganda wanayo kwa ndoo, vichwa vinapatikana kwa kusubiri, lakini fataki hakuna. Kisahani kile cha shaba, chenye upana wa milimita 4 na ushei, kidogo kama punje ya choroko, ni kitu ambacho huwezi kukitengeneza kwako kwa usalama, na Marekani ina watengenezaji wake wachache mno. Fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa dola 30 au 35 kabla ya hapo zikauzwa mkononi kwa zaidi ya dola 100.

Wachache kiasi gani? Kampuni ya Federal iko Anoka, hapohapo Minnesota, unaweza kuifikia kwa gari kabla chai haijapoa. CCI iko Lewiston, Idaho. Risasi za Remington zinatoka Lonoke, Arkansas. Zote tatu ziko chini ya mwavuli mmoja, ambao kampuni ya Czechoslovak Group ya Ucheki iliununua mwishoni mwa 2024. Winchester iko chini ya Olin. Kwa hiyo fataki nyingi za Kimarekani zinatoka kwa wenyewe wawili tu, na hao wawili ndio haohao wanaouza risasi kamili. Msimu wa ukame ukija, wewe ungekuwa mwenye kiwanda, fataki yako ungeiuza senti 4 kwa mtu anayejaza risasi gerejini kwake, au ungeibana kwenye risasi yako uiuze senti 40? Walifanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya.

Baruti nayo ina njia yake ya kuadimika. Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi hiyohiyo ndiyo inayoingia kwenye baruti ya kurushia makombora ya mizinga. Tangu vita vya Ukraine vishike kasi, majeshi yanainunua kwa pupa. Mwanzoni mwa 2024 kampuni iliyokuwa ikizimiliki Federal na CCI wakati huo iliwaandikia wateja kwamba bei zinapanda kwa sababu ya uhaba wa baruti duniani. Nyingine zinazopendwa sana na watu wa .308, Varget kwa mfano, hutengenezwa Australia na kuvuka bahari.

Kwa hiyo waliopita salama kwenye ukame ule hawakupita kwa sababu walijaza wenyewe. Walipita kwa sababu walikuwa na akiba, na akiba ya risasi za kiwandani ni akiba vilevile. Makasha mawili ya 9mm, yaliyonunuliwa wakati bei imelala, yakiwa ndani ya sanduku la bati lenye mpira mfunikoni mahali pakavu, yanakupa karibu mwaka mzima bila kumpigia mtu magoti. Risasi ya kiwandani ikitunzwa mbali na joto na unyevu hudumu miongo.

Sasa hofu ya mkeo. Kuhusu mlipuko, mtulize kidogo: baruti ya kisasa ikiwa wazi huungua kwa kasi, haipasuki kama baruti nyeusi ya gobore. Kanuni ya zimamoto inayofuatwa na miji mingi ya Marekani, NFPA 495, inaruhusu nyumba ya mtu binafsi kuwa na hadi ratili 20 za baruti hiyo katika vyombo vyake vya asili, na fataki hadi 10,000. Lakini wewe uko apatimenti. Soma mkataba wa nyumba na bima yako kwanza, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kukataza hata ratili moja, na yeye ndiye atakayeulizwa jengo likiungua.

Linalonitia wasiwasi mimi ni vumbi. Fataki nyingi bado hutengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, yaleyale ya betri za magari. Ukizungusha maganda machafu kwenye mashine ya kusafishia ile kavu, vumbi jeusi linaruka, linatua kwenye kapeti, na mtoto anayetambaa anatia vidole mdomoni. Kwa watoto wadogo hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Tangu 2021 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inawashauri madaktari wafuatilie kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita, ambayo ni kidogo sana. Wenye gereji zao husafisha kwa maji, hawali wala hawanywi mezani pale, hubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Wewe meza yako ingekuwa wapi? Pembeni ya jikoni? Hapo mkeo hahitaji hoja nyingine.

Tena kazi yenyewe inataka utulivu ambao nyumba yenye watoto wawili haina. Nikueleze ganda moja la .308 linavyopita mikononi, uone.

Limesafishwa, limekauka. Unaliinua kwenye mwanga na kutazama chini, kidogo juu ya kitako. Ukiona mkanda mwembamba unaong'aa umelizunguka ganda, simama. Unachukua waya mwembamba uliokunjwa ncha kama kulabu, unauingiza kupitia mdomoni, unauburuta ukutani kwa ndani. Ncha ikinasa kwenye kimfereji pale palipo na mkanda, ganda hilo limeanza kukatika. Ukilipiga tena linaweza kugawanyika mara mbili ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye bunduki, na gesi moto kurudi usoni kwako. Linatupwa, hata kama limetumika mara nne tu. Likifaulu, unalipaka mafuta kidogo, kidogo sana, maana yakizidi yatalibonyeza ganda begani, pale linapoanza kuwa jembamba, na yakipungua litakwama kwenye daizi na hutalitoa kwa siku hiyo. Unalibana, fataki ya zamani inadondoka. Unafuta mafuta. Unapima urefu: likizidi inchi 2.015 unalikata. Unakwangua mdomo ndani na nje, unasafisha kishimo cha fataki, unabana fataki mpya na kupapasa kwa kidole kuhakikisha haijachomoza. Ndipo unapima baruti, unamimina, unatazama ndani, unaweka kichwa, unabana, unapima tena. Hilo ni moja.

Katikati ya hapo mtoto akikuita, ukaenda, ukarudi, umeshatia baruti au bado? Ajali nyingi za kujaza zinazaliwa hapo, na ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kusahau baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Unasikia "pu" badala ya mlio, na bastola hairudi nyuma ipasavyo. Mwenye haraka anaondoa ganda, anaingiza nyingine, anapiga. Risasi hiyo inakuta njia imezibwa na mtutu unavimba au unapasuka. Ajali ya aina ya pili ni kutia baruti mara mbili. Kwenye .308 ni vigumu, kwa sababu ganda linakaribia kujaa kwa kipimo kimoja na cha pili kitafurika mezani ukione. Kwenye 9mm kipimo ni kidogo, nafasi inabaki, na viwili vinaweza kuingia vikafunikwa na kichwa bila wewe kujua. SAAMI, chombo cha viwango cha viwanda vya Marekani, kimeweka ukomo wa shinikizo la gesi ndani ya 9mm kuwa ratili 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Kipimo maradufu kinauvuka ukomo huo mbali, na bastola yako haikutengenezwa kwa hayo.

Ndiyo maana zile risasi 300 za jamaa yako usizipige. Sisemi ni mzembe, simjui. Lakini kila mjazaji makini ana sheria hii, na hata yeye mwenyewe ukimuuliza kama anapiga risasi zilizojazwa na mtu mwingine, sikiliza jibu lake. Chupa ya baruti iliyofunguliwa ni hivyohivyo. Baruti hutofautiana kwa kasi ya kuungua, nyingi zinafanana kwa macho, na huwezi kujua kama siku moja hakurudisha ya aina nyingine kwenye chupa hiyo. Asante, lakini hapana. Viwanja vingi vya ndani havikubali risasi za kujazwa, na watengenezaji wengi wa bunduki wameandika kwenye dhamana zao kwamba ukitumia risasi hizo, dhamana imekufa. Soma kijitabu kilichokuja na bastola yako.

Kwa ulinzi wa nyumbani nitakuwa mfupi: tumia ya kiwandani, hata ungekuwa fundi wa kujaza. Hutaki kuwaeleza wapelelezi ulichopika mwenyewe mezani.

Kuna jambo la sheria nisilotaka ulipite, hasa kwa hali yako. Kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu ya Marekani. Kujaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni ya ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, ya mtengenezaji wa risasi, ile ya aina ya 06. Watu hulegea hapa: rafiki wa kanisani anakupa dola 40 umtengenezee 200, kisha wa pili, na umeshaingia biashara. Mwenye uraia akikamatwa kwa hilo atapambana na mahakama. Wewe mwenye green card, hatia ya kosa la silaha inaweza kukufikisha kwenye kufukuzwa nchini, hata kama una miaka kumi na tano ya ukaazi na nyumba ya mkopo. Na wenzetu walio kwa visa za muda, wanafunzi na wafanyakazi, wajue kwamba kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki na hata risasi yenyewe, isipokuwa kwa nafasi chache kama ya aliye na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Usimwachie mgeni wako wa visa kasha la risasi kwenye gari lake "nitalichukua kesho".

Mjomba wa Laikipia: hapana, wala usimwekee tumaini. Fataki na baruti haziruhusiwi kabisa kwenye ndege za abiria zinazotoka Marekani, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye sanduku linalokwenda chini. Ungezifikisha Nairobi, bado ungekuwa na sheria ya silaha ya Kenya mbele yako. Kutengeneza risasi kule ni kazi ya wenye idhini, na leseni yake ya kumiliki raifo haimpi ruhusa hiyo. Anunue kwa muuzaji aliyesajiliwa kama anavyofanya sasa. Na kabla ya kufunga masanduku ya Desemba, geuza mifuko ya lile koti unalovaa uwanjani, na begi ulilobebea. Ganda tupu moja lililojificha kwenye pindo litakuchelewesha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wakati ndugu wamesimama nje na gari la kukodi.

Basi ununue vipi? 9mm inunue kwa kasha la 1,000, ukilinganisha bei kwa risasi moja baada ya kuweka usafiri na kodi, si bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Nunua miezi ambayo hakuna anayewaza risasi. Mwezi kabla ya uchaguzi wa rais na wiki kabla ya msimu wa kulungu ni wakati mbaya. Chukua zenye ganda la shaba. Za chuma na za alumini ni nafuu na zinapiga sawa kwenye bastola nyingi, lakini hazijazwi tena, na ninakuwekea mlango wazi. Ukiona neno linaloashiria kwamba zimejazwa upya na kampuni, bei yake iwe chini kweli. Tofauti ya senti mbili mimi siikubali.

Kwa .308, nunua aina mbili au tatu za risasi za kuwindia, pakiti moja moja, nenda uwanjani ukapige tatu tatu kwenye karatasi kwa yadi 100 uone mtutu wako unapenda ipi. Mitutu huchagua, hata miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja. Ukiipata, rudi dukani ununue pakiti nne au tano zenye namba ileile ya toleo, iliyopigwa chapa kwenye boksi, na uiweke sawa darubini kwa hizohizo. Watu wa kujaza watakuambia risasi ya mkono ni sahihi zaidi, na ni kweli, kwa yadi 600. Kulungu wa misitu ya Minnesota hupigwa wengi ndani ya yadi 150, na eneo la moyo na mapafu ni kama inchi 8 kwa upana. Risasi nzuri ya kiwandani inayoweka tatu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100 inakutosha na kubaki. Kinachowakosesha watu kulungu ni vidole vya baridi na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na hayo hayatibiwi na mizani.

Maganda ya .308 usiyatupe. Yaoshe, yaweke kwenye mfuko na boksi lake. Hayaozi, hayali chakula, na yale yaliyotoka kwenye bunduki yako ndiyo bora kwa bunduki yako. Ukija kuhamia nyumba yenye gereji, watoto wakiwa wakubwa, na ukaanza kupiga raifo mara moja kwa wiki, utakuwa na mtaji wa kuanzia, nami nitakuwa wa kwanza kukuambia tafuta mashine. Vyuma hivi havichakai upesi. Mashine nzito ya chuma cha kumimina ya miaka 40 iliyopita inafanya kazi leo kama mpya, ndiyo maana sokoni huwa zimejaa za mkononi na huna sababu ya kukimbilia hii kwa kuwa mwenyewe anahama Ijumaa.

Kama moyo umeshaipenda na unataka uiweke stoo hadi wakati huo, mpe dola 120 kwa mashine, mizani na daizi za .308. Daizi za 9mm, chupa ya baruti na risasi zake 300 aondoke nazo. Asipotaka kuzibeba, idara ya zimamoto ya mjini kwenu itamwelekeza pa kuzipeleka.